Tupambe klasi fasi macho ya mutoto inafika

(Hotuba niliyotoa Bukavu, mu Kongo, mbele ya ba metrese, ni kusema balimu banamuke, na bazazi wa materneli, masomo ya batoto badogo mbele ya primere, kabla masomo ianze. Nimeiandika vile niliisema.)

Jambo yenu bote, bamama, bapapa, ba metrese wenzangu, na weye Mama Direktrisi uliyetufungulia hii sale, aksanti sana. Nilikuwa nimeandika kikaratasi lakini nitasema tu vile inatoka mu roho, halafu tutaenda ku zile meza mbili kule nyuma tufanye kazi na mikono, juu hii mambo ya kupamba klasi mutu hawezi kuielewa na masikio peke yake.

Jana mama moja aliniuliza, akasema, "Metrese, septemba imefika, klasi yetu iko mbao na sima tu, feza ya kununua mapicha ku duka haiko, sasa batoto batasomea mu kitu gani?" Nililala na ile swali. Tunajua sisi bote vile iko: tangu septemba 2019 ecole primere za leta, za serikali, balisema ni bure, lakini ku materneli bazazi njo banalipa, mwezi ku mwezi, na muzazi mwenye amelipa na shida hauwezi kumwambia tena alete franga ya mapambo. Kwa hiyo sitawaambia leo mununue kitu. Lakini pia sitaki mufikiri kama naleta hii mambo ya makarito na bifuniko juu tuko bamaskini. Ata kama ningekuwa na feza mingi, bado ningefanya hivi, na nitawaelezea juu ya nini.

Mwaka wangu wa kwanza mu materneli, ku masomo moja kule juu upande wa Kadutu, nilichukua mushahara wangu wa kwanza, nikashuka mupaka ku soko ya Nyawera, nikanunua mapicha kubwa saba za kung'ara. Moja ilikuwa na matunda ya Ulaya, pome na zabibu, ingine na trene, ingine na nyumba imefunikwa na teluji, na alfabe yote na rangi yake. Nikapanda ku meza, nikazipigilia misumari juu kabisa, karibu ya manjanja, mustari sawa sawa. Bazazi bakaingia bakasema ooh, metrese, klasi imekuwa muzuri. Nikafurahi sana, siwadanganye.

Wiki zikapita. Hakuna mutoto alizitazama. Kulikuwa mutoto mwanamuke wa miaka 4, kila rekreasio anabakia ndani, anachuchumaa mu kona chini ya banki. Nikafikiri labda anaugua, labda ananyanyaswa na benzake. Siku moja nikainama niangalie. Mu ile kona tulikuwa tunawekaka mipira mu karito moja ya zamani, na ku ile karito kulikuwa picha ya kuku, kuku tu ya kawaida, rangi mbili. Mutoto alikuwa anapitisha kidole ku mugongo wa kuku, anashuka ku mukia, anarudi ku kichwa, polepole, na midomo yake inatembea kama anasema naye. Ile rangi ilikuwa imeshafutika fasi kidole kilipitaka, juu alifanya ile siku mingi.

Nikakaa chini karibu yake, mu sima baridi, na pale chini nikainua macho niangalie mapicha yangu saba. Sikuona kitu. Niliona ule mwangaza wa dirisha unapiga ku plastiki, na mistari ya chini ya makaratasi. Pome haikuonekana, trene haikuonekana. Nilikuwa nimepamba klasi ya bazazi benye banasimama ku mulango, haikuwa ya batoto benye banakaa ndani tangu asubui.

Tangu ile siku napimaka. Chukueni metre ya fundi wa kushona, mupime batoto benu: mutoto wa miaka 3 anafika karibu sentimetre 95, wa miaka 5 karibu 110, na macho iko sentimetre kama 10 chini ya kichwa. Kwa hiyo ukuta ya mutoto inaanzia ku goti yako na inaishia kama ku kifua yako, haipite pale. Kila kitu ya mutoto, picha, jina, letere, weka mu ile mukanda. Kule juu ni kwako, weka orere yako na kalandrie yako kama unataka. Na kitu ya pili ile kuku ilinifundisha ni hii: mutoto anaonaka na kidole. Kitu hawezi kugusa, kwake haiko.

Sikuvumbua hii mambo. Mu 1837, kule Ujerumani, mu muji kadogo wa Bad Blankenburg, Friedrich Froebel alifungua fasi ya batoto badogo, na mu 1840 akaipatia jina yenye inamaanisha bustani ya batoto. Kitu ya kwanza alipatiaka mutoto mu mikono ni mipira sita ya nyuzi, kila moja rangi yake, nyekundu, machungwa, njano, kijani, bulu na zambarau, na kamba ya kuining'iniza. Nyuzi! Batoto betu banatengenezaka mipira ya masashe na kamba mu kila avenyu ya huu muji, toka Bagira mupaka Panzi, na sisi tunazikamata tunazitupa tunasema ni uchafu. Fungia ile mupira bitambaa bya kitenge bya rangi sita, uko na materiali ya kufundisha rangi, juu, chini, ndani, nje, kubwa, ndogo.

Na Maria Montessori, munganga mwanamuke wa Italia, alifungua nyumba yake ya batoto mu januari 1907 kule Roma, mu kartie San Lorenzo, kartie ya bamaskini. Yeye alikata maletere mu karatasi yenye kukwaruza, ile ya maminuizie ya kusugulia mbao, akazibandika, mutoto anafuata letere na vidole mbili, anasema sauti yake. Mukono unajifunza kuandika mbele ata ya kushika kreyo. Nilipojua ile, nilikumbuka mutoto wangu na kuku yake. Basi hapa nitakaa kidogo, juu hii njo kitu napenda sana tufanye leo.

Karatasi ya kusugulia mbao inaomba feza, lakini muchanga tuko nao, wa pembeni ya ziwa ao wa bafundi ba nyumba, chekecha na kale kachujio ka chai mupaka ubakie ule mulaini lakini bado unakwaruza kidogo, halafu uoshe na uanike, juu muchanga wenye udongo haushike. Kata makarito, sentimetre 15 kwa 20 inatosha, zote sawa. Andika letere ile ya mukono, vile munaiandikaka ku tablo, moja tu ku karito moja, na iwe kubwa na munene kama kidole. Paka kole polepole ndani ya mustari, usitoke inje. Mwanga muchanga juu, mingi, bonyeza kidogo na mukono, acha ikauke siku nzima, kesho yake geuza ukung'ute. Yenye haikushika inaanguka, yenye imeshika inabakia. Voyeli mupatie makarito ya rangi moja na konsoni rangi ingine, Montessori alifanyaka vile pia. Na weka nukta moja nyekundu fasi kidole inaanzia, musisahau ile nukta, bila yeye mutoto ataanza "a" kwa nyuma na atabakia hivyo mupaka mwaka wa tatu ya primere, ba metrese ba primere bananielewa.

Kole nayo, usinunue. Vijiko kubwa mbili ya unga ya muhogo, uipitishe mu kitambaa ili nyuzi zibakie, tia mu glasi moja ya maji baridi, vuruga mupaka hakuna mabonge, njo sasa uweke ku makala yenye moto kidogo, na usiache kuvuruga. Kwa dakika chache itaacha kuwa nyeupe kama maziwa, itaanza kung'ara na kuvutika, pale toa. Ukitia unga mu maji yenye inachemka tayari, umepika bugali, haiko kole. Chumvi kadogo inasaidia isioze haraka, lakini siku 3 imetosha, pikeni ingine. Na mupake nyembamba, juu mende na panya banapenda ile kole kuliko sisi. Kuna mwaka nilirudi nyuma ya konje ya Pasaka nikakuta letere zote za jina "samaki" na "mbuzi" zimekuliwa upande moja, karito imebakia kama meno. Tangu pale nazilazaka mu bidoni yenye kifuniko.

Rangi nitapita haraka. Udongo nyekundu ya hii milima yetu, ukikausha, ukisaga, ukichekecha na ukichanganya na ile kole, inatoa rangi muzuri sana ya matofali na haifutike upesi. Makala ya kusaga inatoa nyeusi. Manjano ya kupikia inatoa njano. Majani ya sombe inatoa kijani lakini jua inaikula mu wiki chache, beterave vilevile. Lakini muniskilize hapa: najua kuna watu banavunja mapile ya redio bachukue ule unga nyeusi bapake tablo, tulikulia mu ile, lakini mu mapile kuna sumu na batoto betu banalambaka bidole. Makala, bamama. Makala inatosha.

Sasa hesabu. Plato ya mayai, ile ya watu ba butiki, iko na mashimo 30, tano kwa sita. Baombeni, banatupaka. Mu kila shimo andika nambari, ao weka nukta, na mutoto anatia maharagi. Ikatwe mupate mashimo 10, tano juu na tano chini, na mutoto anaona na macho kama 7 ni tano na mbili, bila weye kusema kitu. Bifuniko bya chupa za Primus na za Fanta bilijaa mu hii muji, chemsha mu maji na sabuni, gonga ile meno na nyundo ilale ndani, paka rangi, andika nambari. Lakini na batoto ba miaka 3 hapana. Kitu yote yenye inapita mu ile bomba ya karito inabakiaka ku papie ijeniki, ile ya choo, ikiisha, mutoto wa miaka 3 anaweza kuimeza ao kumukaba ku koo, kwa hiyo ile bomba njo kipimo changu, niko nayo mu droo siku zote. Na mikebe ya sardini muziache kabisa, zinakata kama wembe. Na bidoni yenye ilibeba dawa ya mashamba ao dawa ya mende, ata uioshe mara kumi, haiingie mu klasi.

Kitu chenye batoto banapendaka kuliko byote, na haichukue ata nusu siku kutengeneza, ni butiki. Makarito mbili moja juu ya ingine, kitambaa mbele, mabuate ya sukari, bibiriti bitupu, mufuko ya chumvi yenye imejazwa makaratasi, bidoni kadogo, na feza yenye mumechora, 50, 100, 500. Mutoto wa Bukavu anatumwaka ku butiki mbele ajue kusema jina yake muzuri. Anajua kusema "nipatie ya 500," anajua kungojea chenji, anajua ata kubishana bei. Mu klasi anakuwa muuzaji, na mutoto mwenye hasemaki kitu wiki nzima utamusikia anaita bakliya. Minaona hii na macho yangu kila mwaka, na kila mwaka inanigusa.

Majina. Batoto ba materneli habajue kusoma, kwa hiyo kila mutoto apate alama yake mwaka muzima: sambaza (kale kasamaki ka ziwa), nanasi, mutumbwi, mwavuli, ndizi, mwezi, kuku. Kule Goma ba metrese wenzangu banaweza kuweka chukudu, ile trotinete ya mbao ya kubeba mizigo. Chora alama ku kipande cha karito, andika jina chini yake, toboa shimo, tia kamba, weka na msumari mu ule mukanda niliwaambia, na asubui mutoto akifika anachukua alama yake upande wa "nyumbani" anaipeleka upande wa "masomo". Ndani ya mwezi moja anajua alama za benzake, na kabla ya Noeli bengi banajua jina yao ata ukificha picha. Na pale mulango, ku kiti, ku dirisha, andikeni jina ya kitu mu Kiswahili na mu Kifaransa, zote mbili, Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa letu, mutoto asifikiri kama ku masomo lugha ya mama yake inabakia inje na biatu.

Sasa, nimesema makarito, makarito, na najua mutu moja anafikiri: na mvua? Ni kweli. Hapa mvua inaanzaka septemba na inatuacha ku mwezi wa tano, klasi ya mbao inanywa maji, na karito yenye imebandikwa ku ukuta inaota ukungu nyuma mu wiki chache, unaitoa unakuta nyeusi na inanuka, na ile hewa batoto banavuta. Kwa hiyo usibandike ku ukuta. Vuta kamba toka msumari mupaka msumari, ning'iniza na bibanio bya nguo, hewa ipite nyuma. Yenye batoto banagusa sana ifunikeni na sashe ya wazi, na ijumaa mukitoka, toeni, mupange mu bidoni. Ile bidoni ya njano ya litre 20, ukiikata upande moja na kisu yenye imepata moto, halafu ukisugua ile makali mupaka iwe laini, ni droo yako, na nne zikifungwa pamoja na waya ni armware. Gilande nazo, mushone bipande bya kitenge. Gilande ya karatasi inakufa na mvua ya kwanza, ya kitenge unafua, unaanika, unarudisha. Fundi wa kushona atakupatia mufuko muzima wa bipande, umuombe tu na heshima, na mutoto akiona ku gilande kipande cha kitenge ya mama yake, mutaona vile ataonyesha kila mutu.

Kitu moja ya mwisho yenye iko nzito kidogo kwangu. Mutaona watu banafundisha pate ya kuchezea na unga ya ngano, glasi mbili ya unga, moja ya chumvi, moja ya maji. Ni muzuri, inafinyangika, inakauka. Niliifanyaka. Siku moja mutoto akavunja kipande, akatia mu mufuko ya kaptula, nikamuuliza unapeleka wapi, akasema ni ya kaka yake, bataipika mangaribi. Sikuweza kumujibu. Kole ya vijiko mbili, sawa, inapamba klasi mwezi muzima. Lakini kuchezea kilo ya unga mbele ya mutoto mwenye amekuja bila kula, siwezi tena. Udongo wa mufinyanzi uko mu milima yetu, wa bure. Toeni majiwe, mulaze ndani ya maji usiku moja, mupige mupige mupaka uwe laini, mufunike na kitambaa cha maji usikauke. Batoto banatengeneza ngombe, sahani, ndege, baba yao. Ukauke mu kivuli siku mbili, mu jua inapasuka. Vile byote banatengeneza, musichague bizuri peke yake, muweke byote ku ubao moja, pale pale fasi macho yao inafika.

Nimeona mama moja anatikisa kichwa, anasema saa imeenda. Sawa. Meza ya kushoto ni letere, muchanga niliuosha jana, umekauka. Meza ya kuume ni alama za majina, mikasi iko tano tu, tutaazimana. Papa, weye mwenye uko karibu ya mulango, tusaidie uangalie makala kama imeshika, na mutu moja aanze kuchekecha ule unga ya muhogo, juu kole ipikwe kwanza.